Mbegu Ambazo Suqin Hakuzitwanga

Kwa miaka thelathini na moja Mu Suqin alipima dawa katika duka la mitishamba mjini Anguo, Uchina, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumrudishia pakiti. Jambo hilo lilimtia kiburi, na tusimlaumu. Wengi wetu tunajivunia madogo kuliko hayo.

Mwaka huo, baridi ilipoanza kuisha, alikuja Bibi Tao, mjane wa fundi viatu, na cheti cha tabibu. Tangu amzike mumewe alikuwa hapati usingizi. Tabibu alimwandikia mbegu za kunazi chachu za kutuliza moyo, pamoja na gome la mkenge la kuondoa majonzi, maana moja bila jingine ni mkono mmoja kufua nguo. Lakini mbegu ile ina ganda gumu: hukaangwa kidogo, kisha hutwangwa, la sivyo inachemka bure. Suqin alilijua hilo vizuri. Ila bega lilikuwa linamuuma na kinu ni kizito, akajiambia moto utamaliza kazi. Akazifunga nzima.

Wiki tatu zikapita. Bibi Tao akazidi kukonda, akawa anasema ataacha dawa, kwani imemkataa.

Asubuhi moja Suqin alipita njia panda karibu na nyumba ya mjane. Watu wa huko humwaga machicha ya dawa barabarani ili wapitao wayakanyage na maradhi yaondoke nao. Akainama. Mbegu zilikuwa pale, nzima, hata ufa hazina. Angezisukuma mtaroni kwa kiatu na hakuna ambaye angejua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaziokota, akaenda kubisha hodi.

"Dada Tao, dawa haina kosa, na wewe huna kosa. Mimi sikuzitwanga. Ni uvivu wangu."

Bibi Tao alizitazama zile mbegu kiganjani mwa Suqin, kisha akakaa kizingitini.

"Nilidhani mzee wangu ndiye ananinyima usingizi," alisema. "Wiki tatu namtukana kila alfajiri."

 Suqin alisema atatwanga nyingine leo hii, bega na livunjike.

"Utatwanga," alisema Bibi Tao. "Lakini kwanza twende makaburini. Utamwomba radhi wewe. Mimi uso sina."