Tao la Ngome kwenye Kabichi za Bronia

Mjini kwetu kando ya mto Mohawk tulikuwa na ngome ambayo haikuwahi kuona vita. Lilikuwa ghala la silaha la wanamgambo, lakini waliolijenga enzi za babu zetu waliliwekea minara, matundu ya kurushia mishale, na tao la jiwe jekundu lenye tai wa kuchongwa. Mishale ya nani, sijui. Ila lilikuwa zuri, na ukumbi wake wa gwaride haukuwa na nguzo hata moja katikati. Tulicheza dansi humo mpaka soli zikaisha. Halmashauri ikalibomoa ili magari yapate pa kulala. Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Bronia Sobczak, mshona glavu wa mtaa wetu, hakupiga kelele. Alimwendea Doyle, msimamizi wa ubomoaji, akaomba tao tu. Mwaka 1942 kaka yake Kazik alitoka chini ya tao hilo na kikosi chake kwenda vitani, Bronia akiwa msichana amesimama barabarani. Kazik hakurudi, wala familia haikuonyeshwa kaburi lake.

"Mama, hayo mawe ni tani kumi na mbili," Doyle alimwambia. "Utayaweka wapi, mfukoni?"

"Kwenye kabichi zangu."

"Na kabichi je?"

"Tutazila leo."

Yakamwagwa bustanini, yakalala miaka mitatu. Mtaa ukambandika jina la Malkia wa Kifusi. Mumewe, Staszek, alijikwaa kila alipokwenda kutupa taka, akiwaita watakatifu wote kwa majina. Bronia aliwajibu, "Chekeni tu, meno ni yenu." Lakini hofu yake niliijua. Waashi wa parokia yetu walikuwa wanazeeka, na wakiisha wao, hakuna wa kulisimamisha tao tena.

Mwishowe akafanya kile mama zetu walichofanya kila paa lilipovuja: akapika pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, za kutosha mtaa mzima, akaita msaragambo. Waashi wanne wakaja na kamba na kapi, wakalijenga tao kwenye lango la bustani. Meza ya chakula na bia ilikuwa upande wa nyumba, na waashi wetu hawaendi mbali na bia. Walifanya kazi upande huohuo, na tai wakamweka pale walipoweza kumtazama. Jiwe la mwisho lilipoingia, Staszek akaenda barabarani kulitazama.

"Jamani, mmelijenga kinyume. Tai anatazama jikoni, huku barabarani tumepewa mgongo."

Mzee Gorski, mkubwa wa waashi, akavua kofia. "Dada Bronia, nisamehe. Ni hiyo bia. Kesho tutalishusha tuanze upya."

Bronia alikuwa mlangoni pa jikoni, akilitazama tao. Staszek akarudi, akapita chini ya tai, akaja moja kwa moja mpaka kwa mkewe. Bronia akaanza kulia.

"Mke wangu, nimesema nini tena?"

"Hujasema kitu. Kazik alitoka chini ya huyo tai, akakata kona kwenda stesheni. Miaka yote namwona akikata kona. Wewe umetoka palepale, ukaja kwangu." Akamgeukia Gorski. "Liacheni hivyohivyo."

Gorski akavaa kofia. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni wa bustani, akazunguka mpaka barabarani, nasi tukamfuata. Tukapita chini ya tao mmoja mmoja, tukielekea kwa Bronia.