Kikohozi Katika Ukumbi wa Kilburn

Binti yangu aliniomba jambo moja tu: nikae kitini mpaka mwisho. "Please, Baba, don't walk out," alisema tukiwa kwenye treni kutoka Hounslow, na usoni hakuwa na mzaha hata kidogo. Filamu yake ya kwanza, ya dakika ishirini, ilikuwa inaonyeshwa kwenye ukumbi mdogo Kilburn, na hakutaka kunieleza inahusu nini. Nilimjibu, "Sawa, mwanangu."

Alikuwa na sababu. Nyumbani kwetu kila mtu anakijua kikohozi changu. Tukiwa tunaangalia televisheni na watu wakaanza kusogezeana midomo, mimi nakohoa, nanyanyuka, naenda jikoni kuangalia kama gesi imezimwa. Ndivyo alivyofanya baba yangu Tanga, na sioni aibu kufanya vivyo hivyo. Mzazi na mtoto hawatazami mambo yale pamoja. Basi.

Kinachoniudhi ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wakilijua hilo. Nilipokuwa mwalimu nilisoma riwaya zao za zamani mpaka kurasa zikalegea. Mle ndani mwanamume anampenda mwanamke kurasa mia tatu, na kubwa kuliko yote analofanya ni kumwandikia barua. Filamu zao za zamani hali kadhalika: kofia mkononi, chai mezani, maneno machache, na wewe unajua kabisa kwamba mtu anaungua moyoni. Nikasema, kumbe hawa ni jamaa zetu! Nikaja kuishi kwao, nikakuta wamevua kila kitu, na huko kuvua wanakuita ukweli. Mimi nakuita uvivu.

Ukumbini niliketi kati ya mke wangu na mama yake, aliyekuja kututembelea. Mkwe wangu, jamani! Mtu ambaye mpaka leo nikizungumza naye natazama chini, sasa bega lake liko karibu na langu gizani. Filamu ikaanza. Msichana akaingia chumbani, akafunga mlango, akavuta pazia. Kitandani alilala mwanamume, uso wake uko kivulini. Hakuna muziki. Msichana akaketi pembeni yake, akaanza kumfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja.

Jasho likanitoka. Binti yangu alikuwa amesimama ukutani, na hakuwa akitazama filamu. Alikuwa akinitazama mimi. Nikashika mikono ya kiti. Kifungo cha tatu. Mkwe wangu akavuta pumzi kwa nguvu, nikadhani ni aibu. Koo likaniwasha. Nikakohoa, nikanyanyuka, nikayapita magoti ya watu mpaka nje.

Nilisimama kwenye korido nikiwa na hasira na kila mtu: waliotengeneza filamu, nchi hii, mke wangu aliyemleta mama yake. Hatimaye makofi yakapigwa, tena kwa muda mrefu. Mkwe wangu akawa wa kwanza kutoka, anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu, umekimbia nini?" aliniuliza. "Mtoto anamwogesha baba yake mgonjwa. Anampaka sabuni mgongoni, na yule baba amefumba macho tu, hasemi neno."

Hapo nikakumbuka. Majira ya baridi nilipofanyiwa upasuaji wa mgongo, mke wangu alikuwa Tanga akimuuguza mama yake huyu huyu, na binti yangu ndiye aliyeniosha kila asubuhi. Nami nilifumba macho. Nilipopona sikulitaja kamwe, nikidhani hiyo ndiyo heshima. Hata asante sikumwambia.

Binti yangu akatoka akiwa amezungukwa na wenzake wanaompongeza. Nikawapita, nikamshika mkono.

"Asante, mwanangu," nilisema.

Yeye hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Safari hii alinitazama machoni, akauliza polepole, "Asante ya nini, Baba?"

Wenzake walitugeukia. Mkwe wangu alikuwa hatua mbili kutoka pale. Neno nilikuwa nalo mdomoni, na binti yangu alilisubiri, alilisubiri kweli.

"Ya filamu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wenzake.