Mashini Iliyofunguliwa

Juzi, kwenye garaje moja ya Bungulu, niliona kijana ameifungua mashini ya upepo, ile nzito ya kufungulia buloni, zile nati za magurudumu ya kamyo. Harufu ya petroli na mafuta ikanirudisha kwetu Kimemi, alasiri ile waasi walipoingia mjini.

Papa alikuwa fundi wa magurudumu. Kila asubuhi alitia mashini yake matone ya mafuta kabla ya kuipa upepo, nami niliamini hiyo ndiyo chai yake. Alasiri ile mlio wake haukusikika. Papa aliifungua yote juu ya mukeka, akatoa nyundo ya ndani na vile vibao vyembamba vinavyosukumwa na upepo.

"Papa, unaivunja?" nikamuuliza.

"Hapana, mama," akasema, kama alivyozoea kuniita mimi binti yake. "Naiokoa. Mwizi hawezi beba kitu yenye haitumike."

Askari waasi wakaingia uani, wakavitazama vyuma. Mmoja akauliza, "Muzee, nani anayua kuifunga tena?"

"Ni miye," papa akajibu.

"Basi kusanya. Tunaenda na weye."

Alivifunga vipande katika kikwembe cha mama, kitenge chake cha kujifunga, akapanda jeep yao. Mama alilia. Mimi nilipiga makofi, nikawatangazia watoto wa jirani kwamba papa ni fundi mukubwa, hata waasi wanamufuata nyumbani.

Hakurudi. Leo nafahamu kwamba kama angeiacha nzima, wangeondoka na mashini tu.