Macho ya Askari wa Herode

Mama mkwe wangu, Bi Nuta, hakuwa mwoga. Alikuwa msokota sufu hapa Montalera, aliwahi kumfukuza mbwa mwitu zizini kwa jembe, na alishazika watoto wawili kabla ya kumpata Lippo, ambaye baadaye alinioa mimi. Kilichomtia hofu kilikuwa ukuta.

Lippo alikuwa bado ananyonya pale mchoraji aitwaye Fundi Naddo alipoletwa kutoka Siena kuchora kanisa letu. Kiangazi kizima maturubai yaliziba kuta, watu wakawa wanasikia harufu ya chokaa mbichi tu. Yaliposhushwa, upande wa kushoto Bikira alikuwa amempakata Mtoto, shavu kwa shavu, na wanawake wakalia kwa raha. Upande wa kulia walikuwepo askari wa Herode, wanaua watoto wa Bethlehemu.

Watakatifu wetu wa zamani walisimama wima kama nguzo, hawana habari na mtu. Hawa walikuwa watu. Mama mmoja alimng'ata askari mkono. Mwingine alikaa chini na maiti mapajani, kinywa wazi, na Nuta akakijua kilio kile, maana kilishawahi kumtoka yeye. Lakini askari wa mbele, mwenye upanga, hakumtazama mtoto aliyemning'iniza kwa mguu. Alitazama nje ya ukuta. Alimtazama Lippo.

Nuta akajibanza nyuma ya nguzo, macho yakamfuata. Walipofika nyumbani mtoto akashikwa na homa. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisani.

Mumewe, Cenni, alimfanyia utani. "Mama Lippo, ile ni chokaa tu. Hata mjusi anaitembelea."

"Mjusi hanyonyeshi," akamjibu.

Utani ukaisha majirani walipoanza kunong'ona. Huko bondeni, mjane mmoja aliyeacha Misa aliitwa na watawa wanaopeleleza imani za watu, na mpaka leo hajarudi. Padri Orlando naye akatuma neno: Jumapili Nuta aonekane, pamoja na mtoto. Sasa akawa na hofu mbili, na kila moja ilimsukumia kwenye nyingine.

Jumamosi adhuhuri, watu wakiwa mashambani, aliingia kanisani. Lippo alikuwa amefungwa kifuani chini ya shali, na pamoja naye kisu cha kupogolea mizabibu. Alipanda juu ya benchi, akaanza kuyakwangua yale macho. Vumbi la chokaa likamwangukia mtoto, akapiga chafya, na Nuta nusura aanguke. Alidhani ni askari aliyepumua.

Alipogeuka, Fundi Naddo alikuwa mlangoni na bakuli lake la rangi.

"Umefanya nini, mama?"

"Alikuwa anamtaka mwanangu."

Alingoja kelele. Fundi hakupiga kelele. Aliitazama ile picha, kisha akamwonyesha mama aliyekaa chini. "Na huyu je, anakutisha?"

"Huyo simwogopi. Huyo ni mimi."

Naddo akaketi ngazini pa altare. Alimweleza kwamba yule ni dada yake, alivyomkuta mlangoni mwaka wa homa kuu, na kwamba uso ule aliubomoa mara kadhaa kabla ya kuumaliza. Kisha akamwambia aende nyumbani, anyamaze.

Jumapili Nuta alisimama mbele, jasho linamtiririka, akijua siku yake imefika. Padri akauliza ni nani aliyeharibu ukuta. Kabla hajamaliza, Naddo akasema ni yeye mwenyewe. Macho yale hayakumridhisha, atayachora upya.

Akayachora, safari hii yakimwangalia mtoto. Haikusaidia. Kabla ya mavuno ya zabibu kwisha yalikwanguliwa tena, na si na Nuta. Kila mama alimwuliza mwenzake kwa jicho. Naddo alishakwenda zake, na padri akaacha hivyo hivyo.

Lippo alipona. Nuta alirudi Misani, lakini hofu haikumtoka; kila alipopita pale alishika mkono wa aliye karibu mpaka kucha zikaacha alama. Nilipopata mimba ya kwanza, alinivuta upande wa Bikira, yeye akatembea katikati, baina ya tumbo langu na yule askari.