Kibao cha Namba Ndani ya Kabati

Siku yangu ya kwanza kazini, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, Msimamizi wa Kituo alinikabidhi kifurushi kilichoandikwa: "Baba Yohana, Nakwa, karibu na mashine ya kusaga."

"Mashine ziko mbili, mzee," nikasema.

"Basi utauliza. Kazi hii nusu yake ni salamu."

Ofisi yetu ya vifurushi hapa Babati iliendeshwa hivyo. Niliamkia wazee, nikaulizwa habari za nyumbani, ndipo nikaonyeshwa mlango.

Kisha watu wakaanza kuagiza bidhaa mtandaoni, kwa wauzaji wasioijua Nakwa wala Baba Yohana. Meneja wa Kanda akaja kutueleza anwani ya makazi, yaani jina la mtaa na namba ya nyumba kwenye kibao kilichogawiwa na serikali, ili mgeni afike bila kuuliza. Jambo hilo lilinishangaza mno. Mtu atafikaje kwa watu bila kusalimia?

Mama Elibariki, fundi wa masweta wa Maisaka, alikuwa ameagiza kipuri cha mashine yake ya kufuma. Shule zilikaribia kufunguliwa, na asipomaliza masweta ya wanafunzi, kazi ingepewa fundi mwingine. Siku mzigo ulipofika, dereva wetu mpya wa bodaboda aliuzungusha mtaa mzima akarudi nao. Namba ya nyumba iliyoandikwa kwenye mzigo hakuiona popote. Kwa utaratibu wetu, mzigo usiopokelewa ulirudishwa kwa muuzaji na basi la kesho yake. Mimi nyumba niliijua, nikapanda bodaboda, nikaenda naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Elibariki. Kibao cha namba ya nyumba kiko wapi?"

Akafungua kabati. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

"Hii ni mali ya serikali, baba. Nikiiacha nje si wataing'oa wauza vyuma chakavu?"

Nilicheka, naye akacheka. Kumbe hata jirani zake walikuwa wamevificha vya kwao. Tukakipigilia ukutani jioni ileile, na masweta yakawahi.

Sasa nimestaafu, nyumba yangu inatazamana na yake. Siku hizi anauza masweta kwa simu hadi mikoa ya mbali. Juzi dereva wa bodaboda alinipita barazani, akasoma kibao, akamkabidhi nyuzi, akawasha pikipiki. Nilifurahi kwamba hakupotea. Niliumia kidogo kwamba hakunihitaji.

Mara nikamsikia Mama Elibariki akimwita.

"We kijana, hebu rudi. Hujanisalimia."