Ntumba za Shule

Silvana alifundisha darasa la kwanza miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema neno kwenye kikao cha walimu. Si kwamba alikatazwa. Walimu walikuwa watatu tu, na Mwalimu Mkuu, awe yeyote yule, aliyamaliza maneno yote kabla zamu haijamfikia. Silvana aliandika kumbukumbu za kikao, akafunga daftari, akarudi kwa wadogo wake waliokuwa wakimngoja na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

Alizaliwa kijijini hapohapo, upande wa Pito, kwenye uwanda ambao upepo wa Juni hupita juu ya nyasi bila kukuta mti wa kuuzuia. Masista walimsomesha, wakampeleka chuo cha ualimu, naye akarudi nyumbani na cheti cha daraja la C. Katika wasichana kumi na wanane walioanza shule pamoja naye, aliyevuka darasa la nne alikuwa yeye peke yake. Shule yenye darasa la tano ilikuwa mwendo wa maili tisa, na kwa mtoto wa kike maili tisa zilikuwa kama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wale kumi na saba sasa walikuwa mama wa wanafunzi wake. Walimsalimu kwa heshima iliyozidi kidogo, na kila mara heshima hiyo ilimchoma, kama mtu aliyekula peke yake wenzake wakimtazama.

Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na tano, iliposemekana kwamba shule yao huenda ikafunguliwa darasa la tano, Silvana hakulala vizuri kwa furaha na hofu. Binti yake Agnesi alikuwa darasa la nne. Afisa elimu angekuja mwezi wa kumi kuangalia chumba, madawati na, zaidi ya yote, mahudhurio. Watoto wakionekana haba, darasa lingepelekwa kijiji kingine, na Agnesi angerudi nyumbani kutwanga kama wale kumi na saba.

Wazazi walijiandaa. Walifyatua matofali, wakainua chumba. Mwezi wa Machi, nyasi zikiwa bado mbichi, walikuja siku mbili nzima kwenye shamba la shule, wanaume kwa wanawake, wakalima kama Wafipa walivyolima tangu mababu: wakakata tabaka za udongo pamoja na nyasi zake, wakazipindua na kuzirundika kwa duara, nyasi ndani, udongo nje. Kila rundo likawa kubwa kama kikapu cha mavuno kilichofunikwa. Hizo ndizo ntumba. Juu yake wakapanda maharage, na kufikia Juni watoto walikuwa wakiyala mchana, yamepikwa kwenye pipa. Baada ya hapo ntumba huachwa. Huonekana kama vitu vilivyosahauliwa, kumbe ndani nyasi zinaoza polepole, zikingoja mvua za Novemba. Hapo ndipo hubomolewa na kutandazwa, ukapandwa ulezi.

Julai akaja Mwalimu Mkuu mpya, Ambakisye, kutoka Rungwe. Alikuwa mtu mnyoofu, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ikawa na makali, Mmoraviani aliyeimba tenzi akinyoa ndevu. Kazi aliipenda kweli. Siku ya tatu alizunguka shamba, mikono mgongoni, Silvana nyuma yake na daftari.

"Haya makaburi ni ya akina nani?" akauliza.

Wanafunzi wa darasa la nne waliokuwa karibu walicheka. Silvana naye alitabasamu, kwa kuwa mkubwa ametania.

"Shamba la kujitegemea linakaa namna hii? Majani yamerundikwa tu. Wizara inataka mahindi, kwa mistari. Kesho kila mtoto aje na jembe. Tutabomoa, tutachoma hayo majani, tutavuta kamba."

Silvana alifungua kinywa. Akafikiri: amesoma kuliko mimi. Akafikiri: ni mgeni, nitamwaibisha mbele ya watoto. Akafikiri: labda kuna mtu mwingine atamwambia. Mawazo matatu, na lile la kusema ukweli halikupata nafasi. Akaandika kwenye daftari: *Kesho majembe.*

Kesho yake moshi ulisimama juu ya shamba tangu asubuhi hadi watoto walipokwenda nyumbani. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walitua ndoo zao, wakatazama, wakajitwika tena. Mwaka mmoja kabla, familia nyingi zilihamishwa kutoka vitongojini na kuletwa barabarani, na kijiji kilikuwa kimejifunza namna ya kujibu amri: unasema ndiyo, kisha unafanya lako.

Jumatatu watoto kumi na wawili hawakuja shule. Jumatano wakawa thelathini. Kila Ambakisye alipokwenda nyumba kwa nyumba, alijibiwa kwa adabu kabisa.

"Anaumwa tumbo, Mwalimu."

"Kaenda Namanyere kwa shangazi yake, Mwalimu."

"Atakuja, Mwalimu. Ndiyo, Mwalimu. Karibu tena, Mwalimu."

Hata darasa la watu wazima, ambalo Silvana alilifundisha jioni, lilipungua mpaka akabaki mzee Wilibrodi peke yake. Wilibrodi alikuwa kaka wa baba yake, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni.

"Baba mkubwa, wengine wako wapi?"

"Watoro," akasema akicheka. "Tuandikie barua kwa wazazi wetu, ila sijui utaituma wapi, wangu alikufa mwaka wa njaa ya nzige." Kisha akaacha kucheka. "Na wewe binti yangu, ulikuwepo. Watu wanasema wewe ndiye uliyemshauri yule bwana. Wanasema, Silvana amekula kalamu, jembe limemtoka tumboni."

"Sikumshauri."

"Ulimkataza?"

Silvana alifuta ubao uliokuwa tayari safi.

Mwisho wa Agosti rejista yake ilikuwa na nukta za wasiofika nyingi kuliko alama za waliofika. Ambakisye alimwita ofisini, chumba chenye meza moja na ramani ya Tanzania iliyoliwa na mchwa upande wa mto Kagera. Mezani palikuwa na barua.

"Nimemwandikia Katibu Kata," alisema. "Majina arobaini na mawili. Mgambo watawaleta. Sheria ipo, Mwalimu. Sikupenda, lakini afisa atakuja baada ya wiki tano, na mimi sitamwonyesha madawati matupu."

Silvana aliyaona majina ya juu. La pili lilikuwa la binti wa Luciana, mmoja wa wale kumi na saba. Akawaona mgambo mlangoni kwa Luciana. Watoto wangekuja, ndiyo, wangekaa darasani siku afisa anapita, na tangu hapo shule ingekuwa mahali mtu anapopelekwa. Safari hii maneno yalitoka kabla hajayapanga.

"Mwalimu Mkuu, umewachomea chakula."

"Nimefanya nini?"

Akamweleza. Machi, siku mbili, nyasi ndani ya udongo, ulezi wa Novemba. Alieleza vibaya, akirudia, mikono ikichora marundo hewani. Ambakisye alisikiliza, uso ukimgeuka rangi.

"Ulikuwepo pale," alisema mwishoni, taratibu. "Ulikuwa na daftari mkononi. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilikiogopa kiti chako."

Nje mtoto alikuwa akiimba jedwali la sita, akikosea palepale kila mara. Ambakisye aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. Hakuichana. Alikuwa mtu wa tahadhari.

"Ntumba nyingine zimebaki, kule kwenye mteremko," alisema. "Tulichoka kabla ya kuzimaliza. Nani anaweza kunionyesha?"

Jumamosi Wilibrodi alikuja na jembe lake begani, na nyuma yake wakaja wengine wengi ambao hakuna aliyewaita. Walisimama mbali kidogo, kama watu waliopita tu. Luciana alikuwepo, mikono kifuani. Ambakisye aliwasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja, hata wale waliomzidi miaka mitano tu.

Wilibrodi hakuhutubia. Alichagua ntumba moja, akaipasua katikati kwa pigo moja. Juu ulikuwa udongo mkavu, wa kijivu. Ndani ulikuwa mweusi. Ilikuwa kiangazi kikali, tangu Mei halijadondoka tone, lakini ndani ya ntumba mlikuwa na unyevu, na nyasi zilikuwa zimelainika mpaka huwezi kuzitenga na udongo. Harufu ya mvua ilipanda. Wilibrodi alichota konzi akaiweka kiganjani mwa Mwalimu Mkuu.

Ambakisye alipiga goti na kaptula yake ya pasi. Aliufinya udongo, akaunusa.

"Kwetu Rungwe," alisema, "udongo huu hatuutengenezi. Tunaukuta tu."

"Basi ninyi Mungu aliwapikia kabisa," akasema Wilibrodi. "Sisi alituletea unga na kuni."

Kicheko kilipita, lakini kifupi. Luciana hakucheka.

"Mwalimu amekosa kwa kutojua," alisema. "Sawa. Mgeni ni mgeni. Yeye je?" Kidevu chake kilimwelekea Silvana. "Yeye alizaliwa wapi?"

Silvana alijua kwamba hapa angeweza kusema Mwalimu Mkuu aliamuru, ingekuwa kweli, na wangemwonea huruma. Aliuona uso wa Agnesi kati ya watoto waliokuwa wamekaa juu ya ukingo wa shamba, mguu mmoja ukichezacheza, hajui linaloamuliwa.

"Nilijua," alisema. "Tangu neno la kwanza nilijua. Ntumba zile nilizilima na ninyi, Luciana, wewe ukiwa kulia kwangu. Nikanyamaza ili nisionekane mshamba mbele ya mkubwa. Mwalimu Mkuu alikosa siku moja. Mimi nimekosa kila siku tangu siku ile."

Luciana alimtazama. Kisha mikono ikashuka kutoka kifuani.

"Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo umeongea na mimi kama tulivyokuwa tukiongea."

Ambakisye aliinuka. Magoti yake yalikuwa meusi. Akatoa barua mfukoni, akawaambia ilikuwa inakwenda kwa nani na imeandikwa nini, na minong'ono ikaanza, mikali. Aliwaacha wanong'one. Kisha akamkabidhi Wilibrodi.

"Mwenyekiti, ikae kwako. Na tangu leo jembe la mwanafunzi halitagusa shamba hili kabla kamati haijakaa, na Mwalimu Silvana atakuwa kwenye kikao hicho, na ataongea. Nilichokichoma siwezi kukirudisha. Nyasi sasa ni kavu, na nimeambiwa ntumba mpya husubiri nyasi mbichi za masika. Nawaomba mniamini mpaka Machi."

"Machi ni mbali," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Mbali sana," Ambakisye akakubali. "Afisa elimu anakuja kabla."

Watu walitawanyika bila ahadi, wawili wawili, na Silvana alikwenda nyumbani asijue kama ameponya jambo au ameliharibu zaidi. Jumapili kanisani hakusikia hata somo moja.

Jumatatu alifika shuleni mapema, umande ungali kwenye kizingiti. Wa kwanza kutokea alikuwa Luciana, amemshika binti yake mkono, ingawa msichana alikuwa na miaka kumi na hakuhitaji kushikwa.

"Tumbo limepona," Luciana alisema.

"Lilikuwa baya?"

"Baya sana. Limewapata watoto wote. Wanakuja nyuma."

Na kweli walikuja, kwenye njia ya kisimani na njia ya kinu, fulana za kijani na zisizo na rangi yoyote, wengine na wadogo zao mgongoni. Silvana alianza kuita majina. Alipofika katikati ya rejista aliacha, akajifanya anatafuta kalamu. Aliyemwokoa ni mtoto wa mbele, aliyesema kwa sauti kuu, "Mwalimu, iko sikioni."

Oktoba afisa elimu alikuja na Landrova. Alihesabu madawati, akahesabu watoto, akahesabu tena kwa kutoamini, kwa kuwa wazazi nao walikuwa wamejaa dirishani. Aliuliza kwa nini shamba lina mistari upande mmoja na vichuguu upande wa pili. Mwalimu wa tatu aliangalia viatu vyake. Ambakisye aligeuka.

"Mwalimu Silvana atakueleza."

Alieleza, na safari hii alieleza vizuri. Kabla ya kuondoka afisa alitia sahihi kibali cha darasa la tano juu ya boneti ya gari, karatasi ikipeperushwa na upepo na mzee Wilibrodi akiibana kwa kidole gumba.

Ulezi wa mwaka ule, pale palipochomwa, ulitoka mfupi na wa manjano. Kila aliyepita aliuona, na Ambakisye hakutafuta sababu nyingine. Machi alipowaita watu kulima, ilibidi awaandalie kinywaji kama desturi inavyotaka. Kwa imani yake pombe hakuweza kuipika, basi akapika togwa, mapipa mawili.

"Togwa!" mzee mmoja alilalamika. "Mwanamume mzima unamlimisha kwa uji wa mtoto!"

Lakini alikunywa, akalima. Ambakisye naye alilima. Ntumba yake ya kwanza ilibomoka kabla hajanyoosha mgongo, na darasa la tano zima likapiga makofi. Silvana, akiwa na udongo hadi kwenye viwiko, aliliona kundi lile la watoto ishirini na tisa, wasichana kumi na mmoja, na Agnesi akicheka mpaka amekaa chini. Aliwaacha wacheke kwa muda. Kisha akanyoosha mgongo, akawaita kwa sauti yake mpya, ile ya vikao, waoshe mikono waingie ndani, kwa sababu kipindi cha hesabu kilikuwa kimeshaanza.