Ila Iliyobaki Mdomoni

Siku wageni wa korosho walipokuja kwenye godauni pale Pangani, Kibaha, nilikuwepo mimi. Alikuwepo mke wa mwanangu wa mwisho, aliyekuwa ananyonyesha. Mtani wangu, mama wa Kinyamwezi tuliyekaa naye benchi moja. Na msimamizi, mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye ndiye aliyetutoa kijijini Kibuta, Kisarawe, akatuleta kwenye kazi. Wanawake wengine walikuwa wengi na majina yao ninayo yote mpaka leo. Siyaandiki, kwa sababu bado wanakula kwa kazi ile. Wageni wenyewe walikuwa wawili: mzungu wa maduka ya kwao yanayouza korosho zetu, na binti wa Dar aliyekuwa akimtafsiria.

Kubangua korosho si kitu kigeni kwa mtu aliyekulia Kisarawe. Tatizo ni yale mafuta ya ganda, yanababua ngozi. Sisi tulikuwa tunapaka majivu tu. Mkwe wangu vidole vilimchubuka vyote, hata mtoto nikawa namwogesha mimi, maana sabuni ikimgusa pale, analia mama kuliko mtoto. Glavu tuliomba, tukaambiwa zinakuja.

Zikaja asubuhi ileile ya wageni, mpya, vidole bado vimegandana.

"Mama mkubwa, vaa," msimamizi akaniambia. "Jioni nazirudisha kwenye kiroba."

Tukanong'onezana. Wenzangu wakasema aseme bibi, mtu mzima hafukuzwi, tena msimamizi ni mwanawe. Nikakubali. Maneno nikayapanga moyoni: glavu hizi ni za leo tu, tazameni mikono ya huyu.

Binti akafika kwenye benchi letu, akapiga goti kidogo, mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kazi hapa?"

"Nzuri."

Sasa wewe unayesoma, kama ni wa kwetu, unajua. Mtu akikuuliza habari, hata kama una maiti ndani, unasema nzuri kwanza, ndipo unavuta pumzi unasema ila. Mimi nilikuwa navuta pumzi. Binti akamgeukia mzungu, akamwambia kwa Kizungu. Mzungu akatabasamu, akaninyooshea kidole gumba, akaandika, wakaenda zao kwenye mizani. Yule binti naye ni mtu wa kwetu, lakini simlaumu. Labda alikuwa na haraka.

"Ila..." nikasema, nimeshasimama.

"Kaa, mama mkubwa. Wageni wameshasikia."

Hakunikaripia, alisema kwa upole kabisa. Nami nikakaa. Hapo ndipo ninapoona haya, kwamba nilikaa. Mkwe wangu alikuwa ameshavua glavu chini ya meza, mikono iko tayari kuonyeshwa. Nikamwona anazivaa tena, polepole, anauma midomo.

Mtani wangu hakuniacha. "Jamani, Mzaramo leo kapewa mdomo, kautumia kusalimia!"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana mtani hanuniwi, lakini macho sikuyainua mpaka saa ya kutoka. Kiroba kikapita, nikatia zangu kama wenzangu.

Tuliporudi kwenye chumba tulichopanga, nikamwogesha mtoto. Mama yake amekaa mlangoni, viganja juu ya magoti, vimetazama juu.

"Mikono vipi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Nzuri, mama."

Nikasubiri ila yake. Hakuitoa.

Kichwa changu ni cha kizee na shule nimesoma kidogo. Huenda nilisema "nzuri kidogo", au ile ila ilitoka kwa sauti kabla mzungu hajaandika. Kama ulikuwepo ukasikia hivyo, njoo unisahihishe. Nitafurahi sana kuambiwa nimekosea.